Kushuka Mto Tana kwa boti la mpira kutoka Sagana

Sagana ni mji mdogo katika Kaunti ya Kirinyaga, kiasi cha kilomita 100 kutoka Nairobi kwa barabara ya kwenda Nyeri, na sehemu hiyo ya Mto Tana hupokea maji kutoka Mlima Kenya na safu ya Nyandarua. Jambo hilo lina uzito kuliko lolote utakalolisoma katika tangazo la safari, kwa kuwa mto unaweza kufurika Sagana huku jua likiwaka, kwa sababu tu mvua imenyesha mlimani usiku uliotangulia. Usiridhike basi na kuitazama anga. Muulize nahodha maji yako juu kiasi gani yakilinganishwa na jana, na uyaangalie mwenyewe: yakiwa ya rangi ya tope na yamebeba matawi, mto unapanda.

Mto hujaa zaidi wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, na tena wakati wa vuli, kati ya Oktoba na Desemba. Ukali wa maji hupimwa kwa madaraja sita. Daraja la 1 ni maji yanayotiririka bila vurugu. La 3 lina mawimbi yanayoweza kumtupa nje mtu aliyekaa kizembe. La 5 huhitaji nahodha mahiri na wapiga makafi wanaomsikiliza. La 6 halifai kwa safari za watalii. Daraja si sifa ya kudumu ya mahali, kwa hiyo ukiambiwa kwamba kipande fulani ni cha daraja la 3, uliza ni katika kina kipi cha maji.

Jaketi la kuelea lifungwe hadi mwenzako akilivuta juu kwa mabega lisipande kufikia masikio yako, hata kama kifua kinalalamika. Helmeti ifunike paji la uso. Vaa viatu vinavyofungwa kwa kamba, kwa maana kandambili huondoka na wimbi la kwanza, na miwani ya bei ghali ibaki garini. Mto umekwisha kupokea ya kutosha.

Ndani ya boti, kaa ukingoni na ubane miguu chini ya mito ya hewa iliyokingama katikati. Mkono mmoja ushike mpini, na mwingine ufunike kichwa cha kafi, yaani ncha yake ya juu, wakati wote. Ukikiachia kichwa hicho katikati ya mawimbi, kitagonga meno ya jirani yako. Chovya kafi mbele, kisha vuta kwa kiwiliwili badala ya mikono pekee, mkifuata mdundo wa wawili waliokaa mbele. Watu wengi huacha kupiga makafi wanapoliona wimbi kubwa, na hapo ndipo boti hupoteza mwendo, likageuka ubavu na kupinduka. Endelea kupiga mpaka nahodha aseme simama, au aamuru mlale chini na kushika kamba.

Zoezi la kuanguka majini lifanyike kwenye maji matulivu kabla ya kuondoka, na mwendeshaji anayeliruka hafai kupewa fedha zako. Ukianguka, lala chali, miguu ikitangulia upande maji yanakoelekea na vidole vikichungulia juu, ili mawe yakutane na nyayo zako kabla ya kichwa. Usijaribu kusimama katika maji yanayokimbia, hata yakiwa ya magotini, kwa sababu mguu ukinaswa kati ya mawe mkondo hukulaza kifudifudi na kukushikilia hapo. Ukiibukia chini ya boti, weka mikono juu na ujisukume kuelekea upande mmoja tu hadi utokee. Ukirushiwa kamba, ipitishe begani na uishike kifuani huku umelala chali. Usiizungushe mkononi kamwe. Hali moja tu hubadilisha kanuni ya kulala chali: mti ulioanguka mtoni, ambao matawi yake hupitisha maji na kunasa watu. Ogelea kwa nguvu zote uukwepe, na ukishindwa, ujirushe juu ya shina.

Asiyejua kuogelea anaweza kukubaliwa kwenye vipande vyepesi, lakini alitamke hilo mbele ya nahodha kabla ya kupangwa kwenye boti, pamoja na pumu, kifafa, ujauzito au bega lililowahi kuteguka.

Mwisho ni suala la kichocho, ugonjwa unaofahamika vyema katika mashamba ya mpunga ya Mwea yaliyo jirani. Konokono wanaoueneza hupenda maji yaliyotulia penye majani, kwa hiyo usiketi kuota jua huku miguu imo katika vidimbwi vya ukingoni. Wiki kadhaa baada ya safari, nenda kituo cha afya ukapimwe hata kama hujihisi mgonjwa. Ukikutwa nao, dawa yake ni prazikwanteli.