Somo: Kuzalisha nyoka wa mahindi bila kumuumiza jike

Wakuu, somo hili ni la nyoka wa mahindi (Pantherophis guttatus), yule wa rangi ya chungwa asiye na sumu, asili yake kusini-mashariki mwa Marekani. Kumpandisha ni rahisi mno, na hapo ndipo majike wanapoponzwa: wawili wanawekwa pamoja kwa kuwa wapo tu, kisha jike anatoa mayai 15 kutoka kwenye mwili usio na akiba. Kazi kubwa iko kabla ya kupandisha.

1. Kuchagua wazazi

Jike awe na miaka 3, gramu 300 na urefu wa sm 90, hicho ndicho kiwango cha chini kabisa. Weka dishi lenye mfuniko juu ya mizani ya jikoni, irudishe kwenye sifuri, mtie nyoka ndani. Kisha mpapase mgongoni. Uti ukichomoza kama tuta, hajawa tayari hata kama mizani inasoma 320. Dume mwenye afya wa miaka 2 anatosha.

Nyoka mgeni akae karantini siku 90, chumba tofauti, na vyombo vyake peke yake. Kama ukoo una jeni ya Sunkissed (jeni ya rangi fulani), wapimwe kwanza: baadhi hubeba kasoro inayomfanya mtoto apindishe kichwa kuelekea juu na kushindwa kujigeuza akilala chali. Haina tiba.

2. Kupoza

Kupoza ni kumwigizia nyoka majira ya baridi kabla ya kupandisha. Acha kulisha siku 14 kabla, joto likiwa bado limewashwa. Usiruke hatua hii, maana panya akibaki tumboni wakati mwili umepoa, anaoza badala ya kusagwa. Baada ya hapo shusha joto taratibu kwa wiki mbili hadi nyuzi 12–15, gizani, maji safi yakiwepo daima, wiki 8 hadi 10. Mpime kila wiki mbili. Akipoteza zaidi ya asilimia 10 ya uzito, mrudishe kwenye joto. Mwenye mafua au aliyekonda hapozwi kabisa.

3. Kupandisha

Rudisha joto ndani ya wiki moja: upande wa moto nyuzi 28–30, wa baridi 22–24, na themostati (kifaa cha kudhibiti joto) iwepo, si kukisia. Mlishe jike panya wadogo kila siku 5 hadi 7 mpaka ajivue gamba la kwanza tangu atoke kwenye baridi. Baada ya hapo mpeleke kwenye boksi la dume, wote wakiwa wameshashiba siku 2 au 3 kabla. Wakishikana usiwavute, kiungo cha dume kina miiba na utamchana jike. Warudie kila baada ya siku 3 mpaka jike amkatae.

4. Mayai

Hutagwa takriban siku 30 hadi 45 baada ya kupandana. Siku 10 hivi kabla, jike hujivua gamba tena, na siku hiyo hiyo weka boksi la kutagia: dishi la plastiki lenye mfuniko, tundu la sm 5, ndani kuvumwani iliyoloweshwa na kukamuliwa. Bila boksi hilo atataga kwenye bakuli la maji na mayai yatazama.

Aliyezoea kuku hapa asahau alichozoea. Yai la nyoka haligeuzwi. Kijusi hujishikiza kwenye ukuta wa yai, ukiligeuza anaweza kufa. Chukua penseli, weka nukta juu ya kila yai kabla hujaligusa, na nukta hiyo ibaki inatazama juu mpaka mwisho. Yaliyogandana yahamishe kama bonge moja.

Yalaze kwenye vemikulaiti (chembe nyepesi za madini zinazonyonya maji) iliyochanganywa na maji. Ukiifinya ishikane, lakini isidondoshe hata tone. Nyuzi 28, siku 55 hadi 65. Ukifika 32 unaanza kupata watoto wenye mgongo uliopinda. Baada ya siku 7 hadi 10 mulika kwa tochi gizani: lililo hai lina mishipa myekundu, viza ni la njano tupu. Yai likibonyea mapema, ongeza maji kidogo pembeni, si juu yake. Likibonyea wiki ya mwisho ni kawaida.

Mwishoni utaona mpasuko mwembamba kama uliokatwa kwa wembe, kisha pua ndogo inachungulia na kurudi ndani. Usimtoe! Anaweza kukaa hivyo siku moja au mbili akimalizia kiini. Ukimvuta, kiini kinabaki nje na damu inamwagika.

Kila mtoto boksi lake, maana wanaweza kulana. Atajivua baada ya siku 7 hadi 10, ndipo apewe kitoto cha panya kisicho na manyoya, kila siku 5.

Maswali ya wanachama

Swali: Mkuu, jike wangu katoa mayai 11, mengine mawili yanaonekana tumboni, leo siku ya pili. Nimkande?
Jibu: Usimkande, ndugu. Yai likipasukia ndani unampoteza. Muweke kwenye joto na boksi lenye unyevu, na leo hii mpeleke kwa daktari wa mifugo anayejua reptilia.

Swali: Nyoka anakaa kwenye maji mchana kutwa. Ni joto?
Jibu: Pima joto, lakini angalia kwanza utitiri. Mpitishie karatasi nyeupe yenye unyevu chini ya kidevu na kuzunguka macho. Vidoa vyeusi vinavyotembea ndio wenyewe. Tupa matandiko yote, tandika karatasi, osha boksi kwa maji ya moto, dawa umuulize daktari. Dawa ya unga ya kuku usimpake.

Swali: Anatapika panya siku ya tatu baada ya kula. Nimpe mwingine?
Jibu: Hapana dada, koo na tumbo vimeungua kwa asidi. Subiri siku 10 hadi 14, maji yawepo, kisha mpe panya wa nusu ya ukubwa ule. Akitapika tena na katikati ya mwili pamevimba, mtenge na upeleke kinyesi kipimwe kriptosporidiamu, vimelea vya tumboni. Vijidudu hivyo haviuawi na jiki.

Swali: Anafungua mdomo, anakoroma, mate yanavuta.
Jibu: Ni mapafu. Pandisha joto la boksi hadi kiwango cha juu cha kawaida na umwone daktari, huyu anahitaji antibiotiki. Msimu huu asipandishwe.

Swali: Niko Mombasa, chumba hakishuki nyuzi 25. Nitapozaje?
Jibu: Kupoza si lazima, wengi huzaliana bila hiyo. Ila kabla ya yote nenda KWS (Shirika la Huduma kwa Wanyamapori Kenya) uulize kibali, kwa sababu huyu ni mnyama wa kigeni. Na watoto wasiponunuliwa, usiwaachie porini kamwe. Kama huna boksi 15 za ziada na panya wa kutosha, yagandishe mayai kwenye friza siku yanapotagwa, yasianguliwe.