Kuwatunza wanyamapori wa uwanja wa kanisa, hatua kwa hatua

Hatua ya 1 ni kutazama. Kabla hujashika fyekeo, zunguka uwanja alfajiri na tena jua linapozama, uandike umeona nini na wapi: viota chini ya paa, nyuki ukutani, kinyesi kwenye mabenchi.

Hatua ya 2 ni popo. Hao ndio wanaogombanisha waumini, kwa hiyo nitakawia hapa. Tafuta tundu wanalotokea. Ukingoni huwa na doa jeusi la mafuta ya manyoya. Chini yake utakuta punje kama za panya. Zisage kwa kijiti: zikigeuka vumbi linalong'aa, hao ni popo wanaokula wadudu, na kinachong'aa ni mabaki ya magamba ya wadudu hao.

Usikubali wafukizwe moshi wala wapuliziwe dawa. Jike kwa kawaida huzaa mtoto mmoja tu kwa mwaka, hivyo kundi likiuawa halirudi upesi. Wala tundu lisizibwe kabla watoto hawajaweza kuruka, watafia ndani. Mara nyingi turubai lililofungwa chini ya mahali wanapolala linatosha. Ikibidi wahamishwe, waone kwanza maofisa wa wanyamapori, maana nchi nyingi zinawalinda kisheria.

Kinyesi usikifagie kikavu, kwani vumbi lake linaweza kubeba kuvu inayoshambulia mapafu. Vaa barakoa na glavu, nyunyiza maji, ndipo uzoe. Popo aliyeanguka asishikwe kwa mikono mitupu. Akimng'ata mtu, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, na aende hospitali siku hiyohiyo; kichaa cha mbwa hakingoji.

Hatua ya 3: achaneni na sumu ya panya. Panya aliyeila hukaa siku kadhaa akipepesuka, bundi akamnyakua, na sumu ikamwingia yeye. Zibeni mashimo ya stoo, mabaki ya chakula yafunikwe, mtege mitego.

Hatua ya 4: kata majani njiani na wanapokaa watu. Kando ya makaburi yaache mpaka mbegu zipukutike, kisha fyeka kuanzia katikati kwenda nje, ili vyura na kobe wapate pa kukimbilia.

Taa za nje zielekezwe chini na zizimwe ibada ikiisha. Weka pia beseni la maji lenye mawe ndani, nyuki wasizame, na umwage maji kila baada ya siku mbili tatu ili mbu wasizaliane.