Kupima anodi ya lithiamu: grafu ikinyooka sana, shtuka

Wiki iliyopita nimekaa na dogo mmoja wa maabara, betri zake zinamtesa, nikaona bora niandike. Hizi ni zile CR2032, betri ndogo za kitufe, zenye lithiamu pande zote mbili, za kupimia anodi (upande hasi) tu. Lithiamu inapendwa kwa sababu gramu moja inabeba mAh 3860 wakati grafaiti ni 372, ila ukichaji inaota miiba, mwiba unatoboa separeta (utando unaotenganisha pande mbili), shoti.

1. Fanyia kila kitu ndani ya glovuboksi (sanduku lililofungwa lenye glavu) ya agoni. Nitrojeni hapana, lithiamu inaila inakuwa nyeusi.

2. Kwangua lithiamu mpaka ing'ae.

3. Elektrolaiti (kimiminika cha ndani): viyeyusho DOL na DME nusu kwa nusu, chumvi ya LiTFSI mola 1, kiongezi LiNO3 asilimia 2. Hiyo LiNO3 ndo inasaidia kujenga ngozi nzuri juu ya lithiamu. Kwenye viyeyusho vya karboneti haiyeyuki vizuri, huko watu wanaweka kiongezi kingine, FEC, mimi karboneti na lithiamu tupu sizipendi kabisa. Ila katodi yako (upande chanya) ikivuka volti 4, hii ya kwangu itakuangusha.

4. Funga, iache masaa kadhaa ilowe.

5. Kupima. Hapa ndo nilipoteza wiki 3 nzima, naendesha mA 0.5 kwa sentimita ya mraba, saa moja kwenda saa moja kurudi, voltage ikashuka afu ikatulia kama imechorwa na rula, nikamwita bosi aje aone maajabu. Kumbe shoti! Mwiba mwembamba umeunganisha pande mbili, umeme unapita humo kama kwenye waya na lithiamu yenyewe haihami, na betri haipati hata joto la kukushtua. Kwa hiyo voltage ikidondoka ghafla isirudi, au umbo la grafu likawa mraba mtupu, pima impidansi (ukinzani kwa umeme unaobadilika mwelekeo). Nusu duara ya kwenye grafu yake kupungua mizunguko ya mwanzo ni kawaida, usipaniki, ikipotea kabisa na ukinzani ukaporomoka ndo imekufa hiyo. Afu rudia na shaba upande mmoja, uone lithiamu uliyoweka inarudi kiasi gani. Ikirudi asilimia 99 usitambe, mizunguko 100 bila akiba unabaki na kama asilimia 37 tu.

6. Mabaki yasiguse maji. Yakiwaka, kizimamoto cha CO2 kiache hapo hapo ukutani, lithiamu inaendelea kuwaka humo humo, tumia poda ya daraja D (ya moto wa metali).