Unataka kuwa bingwa wa ENT (masikio, pua na koo) na uko Mbeya? Ngazi yenyewe inapandwa hivi

Intani mmoja, daktari aliye mafunzoni, alinikamata koridoni akaniuliza, dokta eti mastoidi, ule mfupa wa nyuma ya sikio, unaanza kupasua mwaka wa ngapi? Nikamwambia mdogo wangu we niambie kwanza, mtoto akiletwa saa nane usiku kutoka Makete anavuta pumzi kwa kukoroma na mbavu zinaingia ndani, unaanzia wapi? Akacheka. Sasa hiki kicheko ndo kimenifanya niandike, maana wengi wanaotaka kusomea masikio, pua na koo wanawaza darubini na mashine ya kutoboa mfupa, wakati kule ndani unapandishwa ngazi kwa kitu kimoja kwanza, njia ya hewa. Bosi akishakuamini hapo, mengine yote anakufungulia yeye mwenyewe.

Tuanze na karatasi tumalize haraka. MD (shahada ya udaktari) miaka 5, intani mwaka 1, unasajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, afu unafanya kazi kidogo. Hiyo kazi usiione mkosi, ukipangiwa wilayani huko Ileje au Ludewa utaona vitu ambavyo mtu wa mjini anavisoma tu. Baada ya hapo milango iko miwili. Wa kwanza MMed ya chuo, yaani shahada ya udaktari bingwa, ambapo wengi wanaenda MUHAS, chuo cha afya pale Muhimbili Dar, au KCMC, hospitali ya rufaa ya Moshi, unasoma, unafanya kazi wodini na unaandika tasnifu. Wa pili ni COSECSA, chuo cha madaktari wapasuaji wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini, makao yake yako Arusha, ambapo unafundishwa ukiwa kwenye hospitali iliyokubaliwa: miaka 2 ya upasuaji wa jumla unafanya mtihani wa MCS (uanachama wa chuo), afu miaka 3 ya ENT unafanya wa FCS (ubingwa). Kama umeajiriwa serikalini shughulikia ruhusa ya masomo mapema, mapema kweli, usisubiri barua ya chuo itoke ndo uanze kumtafuta mganga mkuu.

Mwaka wa kwanza utaonekana wa vitu vidogo na hapa ndo watu wanakosea. Unakaa kliniki, unachungulia masikio mpaka shingo inauma, unatoa nta, unasafisha usaha, unapaki pua inayotoka damu, unatoa maharage. Ndio, maharage. Huku kwetu mtoto akicheza jirani na gunia la maharage ya Mbeya moja litaingia sikioni, na intani mwenye haraka atachukua bomba la sindano apige maji, sasa harage likinywa maji linavimba linabana mfereji wote, na kitu cha dakika mbili kinaisha kwa kumpeleka mtoto thieta apewe usingizi. Mdudu aliye hai mmwagie mafuta kwanza afe ndo umtoe. Na jaribio la kwanza ndo lenye nafasi nzuri, mtoto akishaumizwa mara moja hakupi sikio tena, kwa hiyo kama huna ndoano wala taa nzuri ya kichwani usiguse, mpe rufaa. Ukijua kujizuia hapo, seniya wako anaona, na anaandika kichwani mwake.

Mwaka huo huo jifunze trakiostomi, kutoboa shingo kumpa mtu njia ya hewa, kama unavyojua jina lako. Mgonjwa mgongoni, mto chini ya mabega shingo ikunjuke, ubaki katikati kabisa, chini ya tezi ya shingo au unaisogeza, unaingia kati ya pete ya pili na ya nne za bomba la hewa. Rahisi kuisema hivi, ila kwa mtu mzima mwenye saratani ya zoloto (kisanduku cha sauti) anayetapatapa na umeme unakatika ni hadithi nyingine. Mi naamini mazoezi yafanyike nje ya mgonjwa: nenda buchani omba koromeo la mbuzi lenye bomba lake la hewa, funga kwenye ubao, kata, weka mpira, rudia. Bei yake ni ndogo na muuza nyama atakushangaa siku ya kwanza tu.

Kuanzia mwaka wa pili unaingia kwenye kutoa tonsesi (mafindofindo) na nyama za puani. Ngazi inaenda hivi: unaangalia, unashika vifaa, unapasua bosi akiwa ameskrabu pembeni, unapasua bosi akiwa anakunywa chai chumba cha pili. Kila hatua iandike kwenye logbuku, daftari la kesi zako, siku hiyo hiyo na useme ukweli ulifanya nini, maana kuna watu wanaandika "nimepasua" kumbe walishika sakisheni tu, bomba la kufyonza damu, na kwenye usaili wanaulizwa swali moja wanaanguka. Kufunga fundo la uzi ndani ya koo kunasumbua mikono sana, dawa yake ni kopo tupu la Blue Band, bandika kitambaa chini ufunge nyuzi humo ndani kwa mkono mmoja bila kugusa kuta. Wiki mbili, vidole vinakuwa na akili.

Ila upasuaji wa tonsesi hauishii thieta. Damu inaweza kutoka ndani ya saa 24 za kwanza, au ikaja kati ya siku ya 5 na ya 10 wakati mama ameshamrudisha mtoto kijijini, kwa hiyo kabla ya kuruhusu uliza wanaishi wapi na gari linapita saa ngapi, mtu wa Kitulo siyo sawa na mtu wa Soweto pale mjini. Na usiku wodini ukimwona mtoto amelala kimya lakini anameza meza, muamshe, washa tochi uangalie koo mwenyewe. Anameza damu huyo. Mdomoni hamna kitu, tumboni kumejaa, afu anakuja kutapika yote kwa mkupuo. Damu kama hiyo utaikuta pia kwa waliokatwa kimeo mtaani, bibi anasema kikohozi kimekataa kupona kwa hiyo wamekata, usimgombeze bibi mbele za watu, simamisha damu kwanza.

Hapo katikati unaanza pia kuvua vitu kooni. Kwenye eksirei ya mbele sarafu iliyokwama umioni huwa inakuonyesha uso wake wote wa duara. Duara lenye ukingo kama pete mbili, hiyo siyo sarafu, ni betri ya kitufe, na hapo hamna cha kusubiri zamu ya asubuhi, inaanza kuunguza ndani ya saa 2. Karanga kwenye mapafu ndo kesi itakayokutoa jasho, kwenye bronkoskopi ngumu, bomba la chuma unaloingiza kwenye njia ya hewa, wewe na mtu wa usingizi mnagombania tundu moja la hewa, kwa hiyo mkae muongee kabla mtoto hajalala, nani anafanya nini ikiharibika.

Miaka ya mwisho ndo mastoidi yenyewe, na sainasi, tezi za mate, zoloto, na rovu, ambalo sisi wa nyanda za juu tunalijua vizuri maana kabla ya chumvi ya madini joto kuenea shingo kubwa zilikuwa kawaida huku. Kila sehemu ina neva yake ya kuogopa: kwenye mastoidi na tezi ya mate ya shavuni ni ya uso, kwenye rovu ni ya sauti, ukiikata mwalimu wa shule anaamka hana kazi. Kabla hujapewa mfupa wa mazoezi maabara chukua yai, toboa ganda kwa drili bila kupasua utando wa ndani. Utavunja mayai mengi, kaange.

Tasnifu usiiache. Kibali cha maadili kinachukua miezi, kwa hiyo chagua swali dogo linalojibika, mfano vitu vinavyokwama kwa watoto, data unaipata wodini kila siku. Kwenye mtihani wa mdomo wakikupa mgonjwa yeyote mwenye uvimbe wa shingo, sema kwanza anapumuaje, ndo uje kwenye vipimo.

Wiki hii anza na hivi: omba siku moja kwa wiki kliniki ya ENT hapo ulipo, fungua daftari la kesi zako, nunua taa ya kichwani yako mwenyewe. Ukipata nafasi Dar ni zaidi ya kilomita 800 kutoka Mbeya na masweta yako yatakaa bure, ukipata Moshi beba moja.