Kibali cha mwezi cha kuegesha gari Mombasa: jinsi ya kukiomba, na ukikosea namba ya gari ufanye nini

Nauza leso Mtaa wa Biashara, na gari langu hulala Tudor. Kila siku ya kazi lazima nilipatie mahali kati ya Markiti na Digo Road, na anayeijua sehemu hiyo anajua kwamba ikishapita saa mbili asubuhi, nafasi imekwenda. Nilichoka kulipa kila siku nikaamua kulipia mwezi mzima. Mwezi huo wa kwanza gari langu lilifungwa klampu, kile chuma cha kuzuia gurudumu, hali nimelipa, na ndani mna leso za harusi zinazongojwa Likoni. Nimeyaandika haya ili mwingine asipite nilipopita mimi.

Kabla ya kuomba, hesabu. Chukua kalenda uone ni siku ngapi mwezi uliopita uliegesha mjini. Kisha igawanye ada ya mwezi kwa ada ya siku. Jibu utakalopata ndilo idadi ya siku ambazo kibali kitakuwa kimerudisha pesa yake. Jirani yangu anayeshuka mjini mara mbili kwa wiki kumpeleka mamake kliniki nilimwambia aendelee kulipa kwa siku, na bado naona nilimshauri vizuri. Kibali ni cha mtu ambaye gari lake linashinda mjini.

Jambo la pili ambalo watu hulisahau: kibali hakikupi nafasi yako. Kinakuruhusu kuegesha kwenye nafasi za kaunti zilizochorwa, basi. Ukifika umechelewa utazunguka kama mwingine yeyote, kutoka Digo Road hadi Nkrumah Road na kurudi. Ukitaka nafasi iliyotengwa kwa ajili ya duka au ofisi yako, hilo ni ombi jingine lenye ada yake. Wala kibali hakikulindi ukiziba njia. Ukilitia gari kwenye kichochoro cha Mji wa Kale, mkokoteni wa hamali ukashindwa kupita, au ukaliacha mahali panapozuia magari mengine, hapo umeingia kwenye Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, na mwenye kesi nawe ni polisi. Risiti ya kaunti haitakusaidia mbele yake.

Kuhusu ada yenyewe, usiichukue kwa mdomo wa mtu. Kwenye foleni utasikia watu wakiulizana kanjo, yaani watu wa kaunti, wameitoa wapi pesa hii. Katiba ya 2010, kwenye Jedwali la Nne, imeziachia kaunti shughuli za trafiki na maegesho, na ndiyo maana tangu 2013, baraza la manispaa lilipokwisha, kazi hii iko mikononi mwa Kaunti ya Mombasa. Lakini Katiba hiyohiyo, Ibara ya 210, inasema hapana kodi wala ada ya leseni itakayotozwa, kusamehewa au kubadilishwa isipokuwa kwa mujibu wa sheria. Kwa upande wa kaunti, sheria hiyo ni Sheria ya Fedha ya kaunti, na ndani yake mna jedwali la ada: gari dogo, pikapu, lori, matatu, tuktuk, kila kimoja na chake. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, na Mswada wa Fedha hupaswa kupitishwa na bunge la kaunti ndani ya siku 90 baada ya kupitishwa kwa mswada wa matumizi. Kwa hivyo katika miezi inayofuata Julai, iangalie ada upya kabla ya kulipa, hata kama mwezi uliopita ulilipa bila tatizo. Iangalie kwenye tovuti ya kaunti yenyewe, ile ambayo anwani yake inaishia go.ke, au kwenye tangazo lililobandikwa ofisini. Namba ya kulipia nayo uitoe hukohuko. Usiitoe kwenye karatasi iliyobandikwa mti wala kwa mtu aliyesimama karibu na mti.

Vya kubeba havina mambo mengi: kitambulisho, PIN ya KRA (namba yako ya kodi), nakala ya logibuku (hati ya umiliki wa gari), na simu yenye laini utakayolipia. Gari likiwa bado kwa jina la aliyekuuzia, fanya kwanza uhamisho kwenye tovuti ya NTSA, mamlaka inayosajili magari. Utaona faida yake siku utakapotakiwa kuthibitisha kwamba gari ni lako.

Sasa namba ya gari. Hapa nakuomba usome polepole, kwa sababu ndipo pesa yangu ilipopotelea.

Wewe unapolipa unafikiri umejilipia wewe. Siyo. Umelipia namba ya gari. Anayekagua barabarani hakujui jina, haijui simu yako, na hana njia ya kujua kwamba jana ulilipa. Anachofanya ni kuisoma namba iliyo kwenye gari na kuitafuta kwenye mfumo. Ikiwepo, anapita. Isipokuwepo, gari halijalipiwa. Namba ikitofautiana kwa alama moja tu, kwake hilo ni gari jingine.

Namba ya gari langu ina sifuri katikati. Nilipokuwa nikijaza sehemu ya akaunti kwenye simu, kibodi ilikuwa bado ya herufi, kidole kikagonga O. Kwa macho hazina tofauti. Malipo yakapokelewa, ujumbe wa M-Pesa ukaja, nikaishukuru siku yangu nikafungua duka.

Kuna jambo ambalo lau ningelijua mapema lingeniokoa. Namba za magari za Kenya hazina kabisa herufi O wala I, ziliachwa makusudi ili zisichanganywe na sifuri na moja. Ukiiona alama ya mviringo kwenye namba ya gari lako, hiyo ni sifuri, siku zote. Ukiona kijiti kimesimama peke yake, hiyo ni moja. Gari la kawaida lina herufi tatu zinazoanza na K, tarakimu tatu, kisha herufi moja ya mwisho. Tuktuk na pikipiki zina herufi nne mbele, na wenye tuktuk wengi huiacha moja wakiwa na haraka. Andika herufi ukiwa kwenye herufi, hamia kwenye tarakimu uandike tarakimu, urudi kwenye herufi ya mwisho. Usiache nafasi katikati kama maelekezo ya malipo hayakusema uache.

Kabla hujathibitisha malipo ya M-Pesa, simama. Skrini itakuonyesha anayelipwa, kiasi, na akaunti uliyoandika. Mpe mtu mwingine simu akusomee akaunti kwa sauti, herufi moja moja, wewe ukiwa umeitazama namba kwenye gari lenyewe. Mimi siku hizi humwita kijana wangu wa dukani. Anasoma, mimi natazama bampa. Inachukua nusu dakika.

Ukishalipa, usiondoke na ujumbe wa M-Pesa pekee. Ujumbe ule unathibitisha kwamba pesa imetoka kwako, hauthibitishi kwamba gari lako lina kibali. Tafuta risiti ya kaunti au ujumbe wake, na uangalie vitu vitatu: namba ya gari, aina ya gari, na tarehe ya mwisho. Hiyo tarehe iandike ukutani, kwa sababu unaweza kulipa katikati ya mwezi ukadhani una siku thelathini mbele yako. Kisha fanya jambo ambalo watu wengi hawalifanyi: mwendee mkaguzi yeyote aliye barabarani siku hiyohiyo, umsalimu, umwombe akuangalizie namba yako kwenye mfumo. Hakuna aliyenikatalia mpaka leo. Akikwambia ipo, nenda zako kwa amani.

Mimi sikufanya hivyo. Siku ya tano, Alhamisi baada ya adhuhuri, nikatoka dukani na mafurushi nikakuta klampu kwenye gurudumu la mbele.

"Mama, gari hii haijalipiwa," kijana aliniambia, kwa heshima.

"Mwanangu, nimelipa mwezi mzima. Huu hapa ujumbe."

Akautazama, akautazama tena mfumo wake. "Ujumbe nauona, mama. Lakini namba hii siipati."

Nilikosea jambo la pili papo hapo, nalo linaniuma kuliko la kwanza. Nilikuwa na harusi inayoningoja upande wa pili wa kivuko. Akatokea mtu aliyevaa vizuri, akaniambia anajuana na watu wa ndani, nimpe 1,500 atanimalizia kwa dakika kumi. Nilimpa. Alizunguka kona ya Markiti na sikumwona tena. Leso zikaenda kwa tuktuk hadi Likoni, na gari likabaki pale hadi nilipolipa faini kwa njia inayotakiwa. Tafadhali, ndugu yangu, anayetaka pesa mkononi usimpe, hata akiwa na kitambulisho shingoni. Pesa isiyoacha alama huwezi kuidai.

Ukifungwa na wewe una uhakika ulilipa, fuata njia hii. Usiliguse klampu wala usijaribu kuliondoa gari, kwa sababu hapo utageuka kuwa mwenye kosa la kuharibu mali. Piga picha: gurudumu, namba ya gari, mistari ya nafasi uliyoegesha, na karatasi waliyoiacha kwenye kioo kama ipo. Soma akaunti uliyoilipia alama kwa alama. Ukikuta makosa ni yako, lipa faini ili gari litoke, na uitunze risiti. Usisubiri hadi kesho ukitarajia huruma, kwani gari linaweza kukokotwa, na hapo utalipia kukokotwa na kuhifadhiwa pia. Ukikuta namba ni sahihi na bado umefungwa, omba kuonana na msimamizi kabla ya kulipa chochote, umwonyeshe risiti.

Kisha nenda ofisi ya mapato ya kaunti na barua. Niliwahi kwenda mikono mitupu, nikaeleza kwa mdomo, nikaambiwa nirudi na maandishi, na hilo lilikula asubuhi nzima ya biashara. Barua iwe fupi. Yangu ilikuwa hivi:

"KUH: OMBI LA KUREKEBISHA NAMBA YA GARI KWENYE MALIPO YA KIBALI CHA MWEZI. Tarehe iliyotajwa hapa chini nililipia kibali cha mwezi cha gari langu. Kwenye sehemu ya akaunti niliandika herufi O mahali pa tarakimu sifuri. Namba niliyoiandika haiwezi kuwa ya gari lolote la Kenya kwa kuwa herufi hiyo haitumiki. Naomba malipo hayo yahamishiwe kwenye namba sahihi, na nipewe jibu kwa maandishi. Nimeambatisha taarifa ya M-Pesa, nakala ya logibuku, kitambulisho na picha ya namba ya gari."

Sentensi ile ya kwamba namba hiyo haiwezi kuwa ya gari lolote ndiyo iliyonisaidia. Hofu yao, na ni hofu ya haki, ni kwamba mtu anaweza kulipia gari moja akatumia gari lingine, kisha adai amekosea. Ukiwaonyesha kwamba hakuna gari jingine linaloweza kunufaika, kazi yao inakuwa nyepesi. Kama ulikosea kwa kuandika namba ambayo ni ya gari la mtu mwingine kweli, itakuwa vigumu zaidi, na ndiyo sababu nimesisitiza lile jambo la kusomewa kwa sauti.

Taarifa ya M-Pesa unaiomba kwa *334#. Iambatishe hata kama ujumbe bado unao, na uuandike ndani ya barua ule msimbo wa muamala wenye herufi na tarakimu kumi. Nenda na nakala mbili za barua. Moja waache nayo, ya pili wakugongee muhuri na tarehe ya kupokelewa. Usiondoke kaunta bila muhuri huo. Mimi nilijibiwa baada ya siku nne za kazi, kibali kikahamishiwa kwenye namba sahihi. Faini sikurudishiwa, nami sikuishindania, kwa kuwa siku ile mfumo haukuwa na namba ya gari langu.

Ukikataliwa, omba sababu kwa maandishi. Ibara ya 47 ya Katiba inakupa haki hiyo pale uamuzi wa ofisi ya umma unapokuumiza. Ukihitaji kuona rekodi ya malipo yako, iombe chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, ambayo inataka ujibiwe ndani ya siku 21. Ukinyamaziwa hata hapo, yapeleke malalamiko kwa Ombudsman, ofisi inayopokea malalamiko dhidi ya ofisi za umma, na hapo ndipo ile nakala yenye muhuri itakapoanza kufanya kazi.

Na ukiuza gari au ukibadilisha namba kabla kibali hakijaisha, usidhani kibali kinakufuata. Kinabaki na namba ya zamani. Andika barua ileile ya marekebisho, uambatishe logibuku mpya, na mpaka ujibiwe endelea kulipa kwa siku.