Shangazi akiondoka, kazi zake zibaki na mtu

Mkishamaliza arobaini na watu wakarudi makwao, kumkumbuka shangazi ndo kunaanza, na jamani msiishie kuweka picha yake kwenye wasap kila mwaka. Mimi naamini shangazi anakumbukwa kwa kazi alizokuwa anazifanya, kwa hiyo kaeni kama familia mjiulize, nani alikuwa anapatanisha ndugu wakigombania shamba, nani alijua koo zote? Baganda wa Uganda hawaoani ndani ya ukoo mmoja, na mara nyingi aliyekuwa anawashtua vijana mapema ni yeye. Ssenga, yaani shangazi kwa Kiganda, ndo anamfunda msichana, na siku ya kwanjula, sherehe ya bwana harusi kutambulishwa nyumbani kwa kina binti, ndo anapita kati ya wageni kumtoa bwana harusi, sasa kama hamjaweka mwingine mtahangaika siku yenyewe mbele ya watu. Chagueni mapema, mdogo wake au hata binti wa baba mkubwa, ila awe mtu wa kutunza siri, maana ssenga anaambiwa mambo ambayo mama mzazi haambiwi.

Halafu nendeni kwa wazee waliokua naye. Rekodi kwa simu, lakini usianze na "tusimulie historia ya shangazi", utapata majibu makavu. Peleka picha ya zamani, ile kavaa gomesi, lile gauni la Kiganda, na mkanda kiunoni, uliza hapa ilikuwa harusi ya nani na huyu aliyesimama pembeni ni nani, wataanza wenyewe kubishana na hapo ndo utamu. Waache waongee Kiganda, Kisoga, Kinubi, Kiswahili, yoyote inayowatoka. Jioni hiyohiyo hamisha sauti kwenye kompyuta na fleshi, simu zinaibiwa.

Mapishi sasa, hapa naomba msifanye haraka. Kama alikuwa mpishi wa luwombo, kile chakula cha Kiganda kinachopikwa ndani ya jani la mgomba, usitafute vipimo, ingia jikoni na yule aliyekuwa anamsaidia. Jani la mgomba changa lisilochanika, unachonga ule uti mgumu kwa kisu bila kulitoboa, unalipitisha juu ya moto mpaka linalegea na kung'aa, unalilaza ndani ya bakuli, unatia kuku au samaki mkavu na mchuzi wa karanga, unakusanya kingo juu na kufunga kwa kamba ya mgomba, kisha linaiva kwa mvuke taratibu masaa kadhaa. Chukua video ya mikono, karibu kabisa, hasa pale pa kufunga, maana mtu aliyefundishwa na shangazi anafunga kama shangazi na hilo huwezi kuliandika kwenye karatasi. Mpe binti ajaribu palepale, na wavulana pia, kwa nini wasijue?

Na kama kuna mtoto alikuwa anamlipia ada kimyakimya, mtafuteni huyo kwanza kabla ya mengine yote, ulizeni shuleni anadaiwa kiasi gani, mchange, muhula wa kwanza ukifunguliwa Februari akute ameshalipiwa.