SOMO: Kumtoa mtoto wa chini ya miaka 5 kwenye simu na TV bila vita kila siku

Kila wiki linarudi swali lilelile humu: mtoto ana miaka miwili na kitu, akinyang'anywa simu anagaragara chini, akiachiwa hali wala halali. Nimejibu vipande vipande hadi nimechoka, na majibu ya vipande ndiyo yanayowafanya watu waokote hatua moja, iwashinde, kisha warudi kusema haisaidii. Hili hapa lote kwa pamoja. Kuanzia leo anayeuliza nitamwelekeza hapa.

Viwango kwanza, ili tusibishane. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa mwaka 2019 unasema hivi: chini ya miaka 2, hakuna skrini. Kuanzia miaka 2 hadi 4, isizidi saa 1 kwa siku, na ikipungua ni bora zaidi. Mwongozo huohuo unataka mtoto wa mwaka 1 hadi 2 alale saa 11 hadi 14, wa miaka 3 hadi 4 alale saa 10 hadi 13, ukijumlisha na usingizi wa mchana, na wote wachangamshe mwili angalau dakika 180 kwa siku. Watu hushika ile saa 1 wakasahau haya mengine, wakati haya mengine ndiyo yanayoibwa. Madhara makubwa ya skrini kwa mtoto mdogo yanatokana na kile inachokula: usingizi, mchezo, na maneno ya watu wazima walio karibu naye.

Na kwa mtoto mdogo sana, hata video nzuri haimfundishi kama mtu. Mwaka 2003 mtafiti Patricia Kuhl na wenzake walichapisha jaribio la watoto wa Kimarekani wa miezi 9. Waliozungumzishwa Kimandarini (Kichina) na mtu aliyekaa mbele yao walianza kutofautisha sauti za lugha hiyo. Wenzao walioonyeshwa wazungumzaji walewale kwenye video hawakupata kitu.

Hatua ya 1. Andika siku tatu.
Safu tatu tu: skrini iliwashwa saa ngapi, nani aliiwasha, na nini kilikuwa kinaendelea kabla. Safu ya tatu ndiyo dawa. Mara nyingi utakuta ni nyakati tatu zilezile: mtu mzima anapika, mtoto anagoma kula, mtoto anagoma kulala. Hizo ndizo za kushughulikia, si siku nzima.

Hatua ya 2. Zima TV ambayo hakuna anayeitazama.
Wengi hawaihesabu kwa sababu "mtoto haangalii". Watafiti walishawaweka watoto wa miezi 12, 24 na 36 wacheze huku kipindi cha watu wazima kikiendelea pembeni. Waliitupia jicho sekunde chache tu, lakini vipindi vyao vya kucheza na kitu kimoja vilikatika na kuwa vifupi. Wazazi nao huongea na watoto wao kidogo zaidi TV ikiwa imewashwa. Hatua hii ni nyepesi kuliko zote, kwa hiyo anza nayo leo.

Hatua ya 3. Skrini zitoke chumba anacholala mtoto, na zizimwe saa 1 kabla ya kulala.

Hatua ya 4. Chagua cha kutazama.
Kigezo ni mwendo. Tazama mwenyewe sekunde 30 ukihesabu mara ngapi picha inaruka kutoka sehemu moja kwenda nyingine. Katuni ambayo huwezi kuhesabu bila kupotea, iache. Jaribio lililochapishwa mwaka 2011 lilionyesha kuwa watoto wa miaka 4 waliotazama katuni ya kasi kwa dakika 9 tu walifanya vibaya zaidi kwenye kazi za kujizuia na kufuata maelekezo, ukilinganisha na waliokuwa wanachora. Kigezo cha pili: baada ya kutazama, je, anaweza kukueleza nani alifanya nini? Asipoweza, alikuwa anakodolea rangi.

Hatua ya 5. Zima video inayofuata isijianzishe yenyewe.
Kwenye YouTube ni swichi ndogo inayotokea ukigusa video. Bora zaidi, pakua katuni unazozijua, kisha uzime intaneti. Zile video fupi za kusukuma kwa kidole hazina mwisho, kwa umri huu ziondoe kabisa.

Hatua ya 6. KUZIMA. Nitakaa hapa, maana hapa ndipo wengi wanapoangukia.
Ushauri uliozagaa ni kumtangazia mtoto: "Bado dakika mbili." Watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington walifuatilia jambo hili kwenye familia zenye watoto wadogo, wakachapisha mwaka 2016: tangazo la dakika mbili lilifanya kuzima kuwe kugumu zaidi. Ukifikiri utaona kwa nini. Mtoto wa miaka 2 hajui dakika ni kitu gani. Anachosikia ni kwamba wewe unakuja kuchukua, basi anaanza kujiandaa kupigana huku akitazama. Halafu unafika katikati ya hadithi na kuikata, na hakuna anayependa kukatiwa hadithi.

Mpe mwisho anaouona. Sema kabla ya kuwasha: "Leo katuni mbili." Mwonyeshe vidole viwili. Ya kwanza ikiisha, kunja kidole kimoja. Ya pili ikikaribia kuisha, acha unachofanya ukae naye bega kwa bega, uulize kilichoko pale: "Huyo sungura anakimbilia wapi?" Mwanzoni hatakujibu, macho yake yako kwenye kioo na mdomo uko wazi. Uliza tena taratibu. Akikugeukia hata mara moja, ameshaanza kutoka mwenyewe. Katuni ikiisha, kidole chake ndicho kinachobonyeza kuzima, si chako. Halafu mnaondoka na kile kilichokuwa kwenye hadithi: "Haya, tumtafutie sungura nyumba." Na nyumba iwe imeshaandaliwa: boksi, kitambaa, beseni la maji na vikombe, chochote cha mikono. Ukianza kutafuta cha kumpa baada ya kuzima, umechelewa.

Maonyo ya hatua hii:
– Usifuatishe skrini na jambo asilolipenda. Katuni kisha kuoga, katuni kisha kulala: utalipia kila siku.
– Usitumie kipima muda kinachokata katikati. Hesabu kwa katuni, usihesabu kwa saa.
– Ukisema mbili ni mbili. Ya tatu ikitoka hata mara moja baada ya kilio, umemfundisha kilio kinatakiwa kufika wapi ndipo kilipe.
– Kilio kitaongezeka siku za mwanzo kabla hakijapungua. Hiyo ni kawaida ya tabia iliyozoea kulipwa. Wengi huacha hapohapo, siku ambayo ilikuwa inaelekea kubadilika.
– Usimpokonye kwa nguvu. Akigoma kubonyeza, mwambie "nakusaidia", shika mkono wake, bonyezeni pamoja.

Hatua ya 7. Chakula bila skrini.
Mtoto anayelishwa huku anatazama hafungui mdomo kwa njaa, anaufungua kwa mazoea, na hasikii tumbo likishiba. Ukiondoa skrini mezani, siku za kwanza atakula kidogo. Mpe kidogo, mezani akae muda mfupi, usimkimbize na kijiko. Mtoto mwenye uzito mdogo au anayeumwa, ongea na daktari kwanza.

Hatua ya 8. Simu yako. Anajifunza kutoka kwako, kwa hiyo iweke mbali wakati wa kula na kucheza naye.

MASWALI YA WANACHAMA

Mama Wawili: Asante kwa somo. Wangu ana miaka 2, nikichukua simu analia sana, nifanyeje?
Jibu: Hatua ya 6. Isome yote pamoja na maonyo.

Kaka Mkubwa: Kwa hiyo mnataka watoto wetu wabaki nyuma? Dunia ni ya teknolojia, wangu wa mwaka mmoja na nusu anafungua simu mwenyewe.
Jibu: Kufungua simu hakuhitaji mafunzo, ndiyo maana ameweza bila kufundishwa. Akianza na miaka 6 atajua ndani ya siku moja. Kuzungumza, kusubiri zamu yake na kutuliza hasira hakujifunzwi kwa siku moja, na umri wa kuvijenga ni huu alionao. Hakuna mahali nimeandika teknolojia itupiliwe mbali. Soma tena kaka.

Mama Miezi 14: Shikamoo mwalimu. Baba yake yuko safarini muda mrefu, wanaongea kwa simu ya video kila jioni. Nimeona umeandika chini ya miaka 2 hakuna skrini. Niwakatishe?
Jibu: Marahaba mama. Usiwakatishe. Nashukuru umeuliza, ningepaswa kuliweka juu. Madaktari wa watoto wa Marekani (AAP), kwenye mwongozo wao wa 2016, waliitenga simu ya video na skrini nyingine kwa watoto wa chini ya miezi 18. Na jaribio la mwaka 2014 lilionyesha watoto wa miezi 24 hadi 30 wakijifunza vitenzi vipya kwa simu ya video ya moja kwa moja, huku video iliyorekodiwa ikishindwa. Tofauti ni kwamba mtu wa upande wa pili anajibu. Mtoto akicheka, naye anacheka, akionyesha kiatu, anasema "kiatu!"
Ili wafaidike: egemeza simu kwenye kitu imara ili mikono ya mtoto iwe huru. Kaa naye uwe mkalimani: "Baba anauliza mpira uko wapi." Baba asimhoji maswali mfululizo, afuate anachofanya mtoto na kukitaja. Mtandao ukikwama mara kwa mara, kateni mpige tena, kwa sababu jibu linalochelewa linampotezea maana. Dakika chache zinatosha. Akiondoka kwenda kucheza, mwacheni, baba amtazame akicheza.

Mzazi Mpya: Programu gani nzuri ya kumtuliza mtoto akianza hasira?
Jibu: Hakuna nitakayokupa. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan uliotoka Desemba 2022, kwa watoto wa miaka 3 hadi 5, uliona kuwa waliokuwa wanatulizwa kwa simu mara kwa mara walizidi kuwa wepesi wa kulipuka, hasa wavulana. Inua mtoto, mtoe pale alipo, taja anachohisi, subiri.

Bibi wa Wajukuu: Mwanangu, mimi nabaki nao mchana, miguu yangu haina nguvu ya kuwakimbiza. TV inanisaidia.
Jibu: Shikamoo bibi. Itumie, bila shaka yoyote, ila kwa mpango. Chagua wakati mmoja unaochoka zaidi, iwe hapo tu, kisha izimwe kabisa. Muda uliobaki wape kazi wakiwa karibu nawe: kupanga vifuniko, kukunja nguo ndogo, kumwagiana maji kwenye beseni ukiwaona. Na hadithi zako, bibi, ni bora kuliko kipindi chochote, kwa sababu wao wakikuuliza unawajibu.

Baba K: Wangu ana miaka 3 haongei kabisa. Ni TV hiyo?
Jibu: Ndugu, usiishie hapa. Mpeleke hospitali, aanze na kipimo cha kusikia. Zima TV leo, lakini usisubiri kuona kama itasaidia. Kwa wengine wanaosoma: mtoto asiyegeuka akiitwa jina akiwa na mwaka 1, asiye na neno hata moja kwa miezi 16, asiyeunganisha maneno mawili kwa miaka 2, au aliyekuwa anaongea akaacha, apelekwe.

Fundi Redio: Nje ya mada kidogo. Vipi hedifoni kwa watoto?
Jibu: Kwa umri huu heri asivae, atumie spika kwa sauti ya chini ili na wewe usikie anachosikia. Kwa wakubwa kidogo, kiwango cha WHO kwa watoto ni desibeli 75 kwa jumla ya saa 40 kwa wiki. Wewe fundi, una la kuongeza kuhusu rimoti?

Fundi Redio: Ndiyo. Rimoti nyingi ndogo zinatumia betri bapa mfano wa kifungo cha shati. Mtoto akiimeza ikakwama kooni, inaunguza nyama ndani ya saa 2, hata kama ni betri iliyokwisha.
Jibu: Asante sana. Naongeza: ukihisi tu amemeza, usimtapishe, kimbia hospitali moja kwa moja apigwe eksirei. Rimoti ambayo kifuniko chake hakina skrubu izungushie utepe wa gundi, na ukague pia mizani ya jikoni, kadi zinazoimba na vitu vya kuchezea vyenye taa.